Paneli za China, betri za Kenya, nyaya za Misri: mkataba upi unashusha ushuru wako ukiwa Arusha au Moshi?

Mwenye duka la vifaa vya sola Arusha, au fundi mkuu wa shule ya bweni Moshi anayetaka kufunga mfumo wa kilowati 30, mara nyingi hujikuta na profoma tatu mezani: ya China, ya Nairobi na ya Afrika Kusini. Muuzaji wa Nairobi ameandika kwa herufi kubwa kwamba mzigo wake hauna ushuru kwa sababu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC). Wa Afrika Kusini anasema hivyohivyo kuhusu SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Wa China hasemi kitu, ila bei yake iko chini.

Wengi hapo huchagua nchi kwanza, kisha ndipo wanauliza ushuru. Inafaa kwenda kinyume. Anza na bidhaa na msimbo wake wa HS (namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa forodha), tazama ushuru wa kawaida ni asilimia ngapi, ndipo uulize kama kuna mkataba unaoushusha. Mkataba wa biashara huria hauna cha kukupa pale ambapo ushuru wa kawaida tayari ni sifuri, na katika vifaa vya nishati hali hiyo ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo maana mzigo mmoja unaweza kuhitaji njia mbili tofauti: paneli zije kwa njia hii, betri kwa ile.

Ushuru wa kuanzia

Tanzania haipangi ushuru wa forodha peke yake. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze kazi tarehe 1 Januari 2005, nchi wanachama hutumia Ushuru wa Pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Ulianza na ngazi tatu: 0% kwa malighafi na mitambo, 10% kwa bidhaa za kati, 25% kwa bidhaa zilizokamilika. Tarehe 1 Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne ya 35% kwa bidhaa ambazo viwanda vya ndani vinazitengeneza kwa wingi, zikiwemo nyingi za chuma.

Kuna mambo mawili juu ya ngazi hizo. Kwanza, kila mwaka nchi yoyote inaweza kuomba kutoza kiwango tofauti kwa bidhaa fulani kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja. Maombi yaliyokubaliwa huchapishwa kwenye Gazeti la Jumuiya mwishoni mwa Juni na kuanza tarehe 1 Julai. Kiwango utakachotozwa ni kile kilichopo siku kadhia (tamko la mzigo) inapoingizwa forodha, hata kama uliagiza mapema. Mzigo ulioagizwa Aprili kwa hesabu ya kiwango kimoja unaweza kufika Julai ukakuta kingine.

Pili, kuna Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Hilo ni jedwali la misamaha, na ndani yake vimo vifaa maalumu vya kuendeleza na kuzalisha nishati ya jua na upepo, pamoja na betri za kuhifadhi umeme wa jua. Maneno ya kipengele hicho yamerekebishwa mara kadhaa, hivyo soma toleo la mwaka huu. Msamaha huu hauangalii nchi ya asili. Betri ya China yenye sifa inaupata sawa na ya Ujerumani. Kwa mnunuzi wa sola, jedwali hili mara nyingi lina faida kuliko mkataba wowote wa biashara.

Njia nne, bega kwa bega

| | China au Dubai, bila mkataba | Kenya au Uganda, kwa EAC | Afrika Kusini, kwa SADC | Misri au Ghana, kwa AfCFTA (Eneo Huru la Biashara la Afrika) |
|---|---|---|---|---|
| Ushuru | Kiwango kamili cha Ushuru wa Pamoja, au msamaha wa Jedwali la Tano | 0% kama bidhaa ina asili ya Jumuiya | Unafuu wa SADC, kwa bidhaa nyingi 0%, kama ina asili ya SADC | Unashuka mwaka hadi mwaka kwa bidhaa zilizomo kwenye ratiba ya kushusha ushuru |
| Karatasi ya kukupa unafuu | Hakuna. Kwa msamaha ni vielelezo vya kiufundi | Cheti cha uasili (kinachothibitisha nchi bidhaa ilikotengenezwa) cha EAC | Cheti cha uasili cha SADC | Cheti cha uasili cha AfCFTA |
| Lango la kawaida kwa kaskazini | Dar es Salaam au Tanga | Namanga, Holili | Dar es Salaam kwa meli, Tunduma kwa lori | Dar es Salaam au Tanga |
| Kinachokwamisha zaidi | Msimbo usio sahihi. Betri au inveta isiyothibitishwa kuwa ya sola | Bidhaa ya China iliyonunuliwa Kenya | Mzigo kupitia kwa dalali wa nchi isiyo mwanachama | Kutojua bidhaa iko kundi gani la ratiba |
| Inafaa zaidi kwa | Paneli, inveta za sola, betri za lithiamu zenye msamaha | Betri za asidi, nyaya, transfoma, miundo ya chuma | Nyaya, betri, vifaa vya gridi | Nyaya na mita, pale kiwango kimeshashuka vya kutosha |

Safu ya China inashangaza wengine, kwa sababu wamesikia kwamba China imefuta ushuru. Ni kweli: tangu tarehe 1 Desemba 2024 China haitozi ushuru kwa bidhaa za nchi zenye maendeleo duni ilizo na uhusiano nazo wa kidiplomasia, Tanzania ikiwemo. Lakini unafuu huo ni wa bidhaa zinazokwenda China, kama parachichi na ufuta. Kontena la betri linalotoka Shenzhen kuja Dar halimo.

Dubai nayo si nchi ya asili kwa sababu tu ankara imeandikwa huko. Paneli iliyotengenezwa Jiangsu ikahifadhiwa ghala la Jebel Ali bado ni ya China.

Jambo lingine linalochanganya ni COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Kenya, Uganda na Misri zimo. Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Nyaya za Misri zinazoingia Mombasa bila ushuru kwa COMESA zikiletwa Namanga hazina unafuu wowote wa COMESA. Vilevile mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya, ulioanza tarehe 1 Julai 2024, ni wa Kenya pekee. Inveta ya Ujerumani iliyopewa unafuu Nairobi inapovuka kuja Longido huhesabiwa ushuru wa Tanzania kama ya Ulaya.

Paneli: usipoteze muda na cheti

Paneli zilizounganishwa ziko 8541.43 katika toleo la HS la mwaka 2022, na seli peke yake 8541.42. Katika toleo la zamani zote zilikuwa 8541.40, na bado wauzaji wengi wa nje wanaandika msimbo huo wa zamani kwenye ankara. Waambie wabadilishe kabla ya kupakia.

Paneli ziko ngazi ya sifuri kwenye Ushuru wa Pamoja. Basi ukilipia zaidi paneli za Kenya au Afrika Kusini kwa sababu ya cheti cha uasili, unalipia karatasi. Linganisha bei, dhamana ya miaka na usafirishaji tu. Kontena la futi 40 hubeba takriban paneli 620 za wati 550. Mfumo wa shule wa kilowati 30 unahitaji 55, kama tani moja na nusu. Kwa kiasi hicho, kuchangia kontena na wenye maduka wengine wa Arusha kunaokoa zaidi kuliko mkataba wowote.

Miundo ya kufungia paneli ni habari nyingine. Ya chuma iko 7308.90 na ya alumini 7610.90, na chuma ndicho kilichopandishwa ngazi. Msambazaji akiiweka miundo ndani ya ankara moja na paneli kwa jina la "seti ya sola", forodha ina haki ya kuitenganisha na kuitoza kivyake. Miundo ya chuma ni rahisi kutengenezwa hapa nchini. Karakana za Unga Limited zinakata na kuchomelea vyuma vya aina hiyo kila siku, na hapo hakuna ushuru wa kujadili.

Betri: hapa ndipo uchaguzi ulipo

Betri ndiyo bidhaa yenye ushuru wa kuumiza, na ndiyo yenye njia nyingi za kuukwepa kihalali. Lakini ni lazima ujue unanunua betri ya namna gani.

Betri ya asidi ya kuwashia injini ni 8507.10. Betri nyingine za asidi, zikiwemo zile za kutumika kwa muda mrefu zinazotumika kwenye sola, ni 8507.20. Lithiamu ni 8507.60. Makosa mengi huanzia kwenye jina. Betri iliyoandikwa N70 au N100 ni ya gari hata kama muuzaji ameibandika picha ya jua. Ofisa wa forodha akiona N100 kwenye ankara, msamaha wa sola umekwisha hapo hapo. Omba karatasi ya vipimo inayoonyesha uwezo kwa saa 10, 20 na 100 za kutoa chaji, na idadi ya mizunguko kwa kina cha kutoa chaji cha 50%. Hivyo ndivyo vinavyotenganisha betri ya sola na ya gari, si rangi ya kasha.

Sasa linganisha. Tuseme unataka betri 40 za asidi za volti 12, ampea-saa 200. Bei hizi ni za mfano tu, na kiwango cha ushuru tunakiweka 25%:

| Dola za Marekani | China, bila msamaha | Kenya, cheti cha EAC | China, kwa msamaha |
|---|---|---|---|
| Thamani ya CIF (bei, bima na nauli) | 8,000 | 9,300 | 8,000 |
| Ushuru wa forodha | 2,000 | 0 | 0 |
| VAT 18% | 1,800 | 1,674 | 1,440 |
| Usafiri hadi Arusha | 350 | 80 | 350 |
| Jumla | 12,150 | 11,054 | 9,790 |

Tozo nyingine za uingizaji, kama ya maendeleo ya reli, na ada za wakala hazimo. Ziombe kwa maandishi kutoka kwa wakala wako wa forodha. VAT nayo ina misamaha yake: Sheria ya VAT ya mwaka 2014 ina jedwali linalotaja vifaa vya sola, na jedwali hilo huguswa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Msamaha wa ushuru hauleti msamaha wa VAT wala kinyume chake. Vinaombwa kila kimoja kwa sheria yake.

Jedwali hilo linasema mambo mawili. Bila msamaha, Kenya inashinda kwa karibu dola 1,100. Msamaha ukikubaliwa, China inaishinda Kenya kwa dola zaidi ya 1,200. Kwa hiyo swali la kuuliza kwanza ni kama betri yako itakubaliwa kuwa ya sola. Kama ni za kuhifadhi umeme wa TANESCO kwa ajili ya kompyuta za ofisi wakati wa katizo, msamaha haukuhusu, na Kenya inakuwa njia bora.

Kwa hesabu ya haraka, zidisha CIF ya China kwa moja jumlisha ushuru. Kwa 25%, 8,000 inakuwa 10,000. Kwa 10% inakuwa 8,800. Kwa sifuri inabaki 8,000. Profoma ya nchi ya mkataba ikiwa chini ya namba hiyo, cheti kinalipa. Ikiwa juu, achana nayo. Kumbuka pia kwamba CIF inahesabiwa hadi lango la kuingilia. Gharama ya lori kutoka Dar hadi Arusha haimo kwenye thamani inayotozwa ushuru, lakini imo mfukoni mwako.

Kwa lithiamu, ongeza uangalifu kwenye usafiri. Ni mzigo wa hatari wa daraja la 9, namba UN 3480, unaohitaji ripoti ya majaribio ya UN 38.3. Kampuni za meli hutoza zaidi, na nauli hiyo huingia ndani ya CIF, kwa hiyo huongeza ushuru na VAT pia. Muuzaji anayekupa bei ya kiwandani tu bila nauli amekuficha sehemu ya ushuru wako.

Kwa nini betri ya asidi ya Nairobi hupata cheti na pakiti ya lithiamu hukosa

Hapa ndipo watu hupoteza fedha, kwa hiyo tukae kidogo. Kununua bidhaa Kenya hakuifanyi kuwa ya Kenya. Kila mkataba una kanuni za uasili. Bidhaa ama imepatikana kikamilifu ndani ya eneo, ama malighafi za nje zimebadilishwa vya kutosha. Mabadiliko hayo hupimwa kwa njia mbili kuu: msimbo wa tarakimu nne wa malighafi uwe tofauti na wa bidhaa, au thamani ya malighafi za nje isizidi sehemu fulani ya bei ya kiwandani. Kwa bidhaa nyingi za EAC sehemu hiyo ni 70%. Kupanga, kufungasha, kubandika lebo na kuunganisha kwa skrubu hakuhesabiwi.

Chukua betri ya asidi inayouzwa kiwandani kwa dola 200. Risasi imeyeyushwa kutoka betri chakavu za hapa hapa, sahani zimetengenezwa hapo, na vilivyotoka nje ni plastiki, vitenganishi na kemikali vya dola 80. Hiyo ni 40%. Imepita.

Sasa pakiti ya lithiamu ya dola 200. Seli zote zimetoka China, na seli pamoja na bodi ya ulinzi zinagharimu dola 165. Hiyo ni 82.5%. Imeshindwa kwa thamani. Kwa msimbo pia imeshindwa, kwa sababu seli ya lithiamu na pakiti ya lithiamu zote ziko 8507. Paneli iko vivyo hivyo: seli na paneli zote ziko 8541, hivyo kanuni ya kubadili msimbo haisaidii, na inabaki ya thamani.

Malighafi kutoka nchi nyingine ya mkataba huohuo huhesabiwa kama ya ndani. Kiwanda cha Nairobi kikitumia risasi ya Tanzania, risasi hiyo haiingii kwenye ile 70%. Ndiyo sababu ya kumuuliza muuzaji vifaa vyake vinatoka wapi, si kiwanda chake kiko wapi tu.

Umeme nao una asili. Njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya, Kenya, hadi Singida inapita kituo cha Lemugur, Arusha. Umeme wa Ethiopia ukisafirishwa kupitia nyaya za Kenya kuja kaskazini ya Tanzania haugeuki kuwa wa Kenya. Ethiopia haimo kwenye Jumuiya, kwa hiyo bei ya umeme huo huamuliwa na mkataba wa kuuziana na ada ya kupitisha, si na cheti cha EAC.

Inveta, nyaya na transfoma

Inveta zote ziko 8504.40, iwe ya sola au ya kuchajia betri kwa umeme wa gridi. Kinachoipa inveta msamaha wa sola ni vipimo vyake: ingizo la paneli lenye MPPT (kidhibiti kinachovuna umeme mwingi zaidi wa paneli), kiwango cha volti za umeme wa moja kwa moja (DC), na jina la matumizi kwenye ankara. Andika "inveta ya sola yenye MPPT, kilowati 10" na uambatishe karatasi ya vipimo. Ukiandika "UPS", umejiondoa mwenyewe. Vile visanduku vinavyobebeka vyenye betri na inveta ndani yake viombee uamuzi wa awali wa TRA kuhusu msimbo kabla ya kuagiza, kwa maana betri ndani yake inaweza kuvivuta kwenda 8507. TRA hutoa uamuzi wa namna hiyo kuhusu msimbo na pia kuhusu asili ya bidhaa, na ndio ulinzi mzuri kuliko maneno ya muuzaji.

Nyaya ni mahali ambapo EAC, SADC na AfCFTA zote zina maana, kwa kuwa zinatengenezwa Tanzania, Kenya, Afrika Kusini na Misri. Nyaya zisizozidi volti 1,000 zenye viunganishi mwishoni, kama zile zilizokwishafungwa viunganishi vya paneli vya MC4, ni 8544.42; zisizo na viunganishi ni 8544.49. Agiza rola bila viunganishi kutoka nchi ya mkataba, viunganishi uvifunge Arusha. Kabla hujafika huko, uliza bei ya nyaya zinazotengenezwa Dar es Salaam, kwani hizo hazivuki mpaka wowote.

Transfoma ni kesi ya upande wa pili. TANELEC inatengeneza transfoma za usambazaji hapa Arusha. Ushuru unaozikinga transfoma za ndani ndio unaompandishia bei mwenye kuagiza kutoka nje. Lakini EAC na SADC ndizo zinazokipa kiwanda cha Arusha haki ya kuuza Nairobi au Lusaka bila ushuru, kwa cheti cha uasili kinachotolewa na TCCIA, chemba ya biashara ya Tanzania. Mradi ukihitaji transfoma ya kVA 100 au 200, anza na ya hapa. Tofauti ya bei na ya nje ikihesabiwa pamoja na ushuru, muda wa kusubiri na upatikanaji wa vipuri, mara nyingi haipo.

AfCFTA: soma ratiba, si hotuba

Eneo Huru la Biashara la Afrika lilianza rasmi biashara tarehe 1 Januari 2021. Mfumo wake ni huu: 90% ya mistari ya ushuru inashushwa hadi sifuri, kwa miaka 5 kwa nchi zisizo kwenye kundi la maendeleo duni na miaka 10 kwa zenye maendeleo duni, 7% ni bidhaa nyeti zenye muda mrefu zaidi, 3% zimeachwa nje kabisa. EAC ilitoa ratiba moja kwa niaba ya wanachama wake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nane za kwanza kwenye majaribio ya biashara ya mwaka 2022, na mwaka huohuo Kenya ilipeleka betri Ghana kwa mkataba huu.

Kwa kushuka kwa hatua sawa kwa miaka 10, bidhaa ya 25% hupungua pointi 2.5 kila mwaka. Iwapo nyaya za Misri zimeshuka hadi 12.5% na za Kenya ni sifuri kwa EAC, Misri inabidi iwe na bei nzuri sana kuishinda Kenya. Kwa mnunuzi wa Moshi leo, AfCFTA ni ya kuangaliwa pale tu bidhaa haitengenezwi EAC wala SADC.

Mafuta na gesi kwa ufupi

Petroli, dizeli na gesi ya kupikia hazina mengi ya kulinganisha. Mafuta huagizwa kwa pamoja kupitia Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na ya kaskazini hupitia Tanga. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kinachoibeba bei yake ni bei ya soko la dunia, ushuru wa bidhaa na tozo ya mafuta, si ushuru wa forodha unaoweza kushushwa kwa cheti. Gesi yenyewe iko hivyo pia. Mitungi, 7311, na majiko ya gesi, 7321.11, ndivyo vyenye ushuru wa kulinganisha, na vimekuwa muhimu tangu serikali ilipoweka lengo la 80% ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa mitungi tumia hesabu ileile ya betri.

Mpakani: yanayoharibika na namna ya kuyazuia

Namanga na Holili zote ni vituo vya pamoja, ambapo ukaguzi wa nchi mbili hufanyika sehemu moja. Holili inamfaa mtu wa Moshi, kama kilomita 40 tu. Yanayoharibika mara kwa mara ni haya.

Msimbo kwenye cheti, ankara na TANSAD (fomu ya tamko la forodha la Tanzania) hautofautiani kwa bahati mbaya tu. Mara nyingi mmoja ni wa HS 2017 na mwingine wa 2022. Tarakimu sita za kwanza zilingane kwenye karatasi zote tatu kabla lori halijaondoka.

Cheti kimetolewa kwa dalali ambaye hakutengeneza bidhaa, bila tamko la mtengenezaji. Kenya vyeti vya EAC hutolewa na mamlaka ya mapato, KRA, na Afrika Kusini vya SADC na mamlaka ya mapato ya huko, SARS. Dalali anayekuambia atakitafuta mpakani hana cheti.

Bidhaa ya SADC imepitia Nairobi kwa muuzaji wa kati. Kenya haimo SADC, na mzigo ukiingizwa kwenye soko la nchi ya tatu badala ya kupita chini ya uangalizi wa forodha, hupoteza unafuu.

Mwenye mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti kilichorahisishwa, kinachopatikana mpakani, kama bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa na ina asili ya Jumuiya. Hakifuti VAT. Kugawa mzigo wa dola 6,000 katika safari tatu za siku tatu mfululizo kunaonekana, na kunakuletea uchunguzi.

Ubora ni suala la TBS, shirika la viwango, nalo halifutwi na cheti cha uasili. Mzigo wa China unahitaji cheti cha ulinganifu cha ukaguzi wa kabla ya kupakia. Bidhaa ya Kenya yenye alama ya ubora ya huko hutambuliwa chini ya sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006, jambo linalookoa siku na ada. Faida hiyo weka kwenye hesabu, maana betri zikilala ghalani wiki mbili gharama yake ni ya kweli kama ushuru.

Cheti kikichelewa, usiache mzigo ukusanye gharama za kuhifadhi. Lipa ushuru kamili, pata risiti, kisha omba kurudishiwa pale cheti kilichotolewa baadaye kitakapofika. Maombi ya kurejeshewa yana kikomo cha miezi 12 tangu siku ya malipo. Na forodha ikitilia shaka cheti chenyewe, omba mzigo utolewe kwa dhamana wakati wanaiuliza mamlaka iliyokitoa. Dhamana ya benki ya kiasi cha ushuru unaobishaniwa iandaliwe na wakala wako mapema, kabla lori halijafika Namanga.